Vitabu vya bure vya kumsomesha mtoto nyumbani: pa kuvipata, namna ya kuvikagua na namna ya kuvisoma

Simu yangu iliwahi kujaa vitabu vya watoto hadi ikakataa kupiga picha. Kila kiungo kilichoangushwa kwenye kundi la wazazi nilikifungua, nikapakua, nikasahau. Mtoto alikuwa na miaka sita, na katika lundo lote lile alikuwa amesomewa vitabu viwili. Siku moja nikafuta karibu vyote nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio huu.

Siongelei kumtoa mtoto shuleni. Naongelea jioni, wikiendi na likizo: dakika ishirini za kusoma pamoja, iwe mko Tanga, iwe Kisumu, iwe Muscat ambako mtoto ameshaanza kumjibu bibi yake kwa Kiarabu. Vifaa ni simu janja moja, bando kidogo, steshenari yenye printa, sindano na uzi.

Hatua ya 1: Ujue hiyo bure ni ya namna gani

Neno "bure" linaficha mambo mengi, na usipoyatenganisha utajikuta unafanya makosa bila kujua.

Kuna bure ya miliki ya umma. Hapo ulinzi wa hakimiliki umekwisha, kitabu ni cha kila mtu: kichape, kigawe, kitafsiri, kifupishe upendavyo. Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabu miaka 95 tangu kitabu kilipochapishwa. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kitabu chochote cha kale ni hili: mwandishi alifariki lini?

Najua mtauliza kuhusu Shaaban Robert. Alifariki mwaka 1962. Kwa vitabu alivyovichapisha akiwa hai, ukifuata miaka 50 hesabu inaishia mwisho wa 2012. Ukiwa London huenda ikasogea hadi mwisho wa 2032. Lakini hiyo haikupi ruhusa ya kutoa kopi toleo jipya la dukani. Michoro, dibaji na maelezo ya mhariri vina wenyewe, na wengi wao wako hai.

Kuna bure ya leseni wazi. Mwandishi yupo, haki ni zake, ila ametoa ruhusa mapema kwa maandishi. Leseni zinazotumika sana ni za Creative Commons, na zinasomeka kwa herufi zake. BY ni kwamba umtaje mwenye kazi. NC, usiifanyie biashara. ND, usiibadilishe, na kutafsiri ni kubadilisha. SA, ukiibadilisha, toleo lako nalo liwe na leseni ileile. Ukiona BY peke yake, shangilia: unaweza kuchapa, kutafsiri kwa Kidigo au Kihaya, hata kubadilisha jina la mhusika awe jina la mwanao.

Kuna bure ya kusoma tu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, huweka mitaala ili yeyote aipakue. Ni msaada mkubwa, hasa ukitaka kujua mwanao anatakiwa kufika wapi muhula huu. Lakini vitabu hivyo vina wenyewe, na ruhusa uliyopewa ni ya kusoma.

Halafu kuna ile PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka kitabu cha dukani, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni. Hiyo ni mali ya mtu. Ifute.

Hatua ya 2: Anza na hadithi fupi za leo

Vitabu vya kale nitavifikia, na ndivyo ninavyovipenda zaidi, lakini mtoto anayejifunza kusoma usimwanzishie huko. Mwanzishie African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Ingia kwenye tovuti yao, chagua lugha Kiswahili, kisha chagua ngazi. Ngazi ya chini kabisa ina maneno machache tu kwa ukurasa; inayofuata ina sentensi; halafu aya; halafu aya ndefu. Kila hadithi ina michoro, na nyingi zina leseni ya BY. Jina la mwandishi, la mchoraji na la mtafsiri huwa ukurasa wa mwisho pamoja na leseni. Uusome huo ukurasa, na ukichapa usiutoe.

Ya pili ni StoryWeaver, ya Pratham Books ya India. Hadithi zake zimepangwa ngazi ya 1 hadi ya 4, na za Kiswahili zimo. Utakuta watoto wenye sari na riksho, jambo ambalo mwanangu lilimpa maswali mengi kuliko hadithi yenyewe.

Mlioko ughaibuni, tafuteni pia Storybooks Canada. Walichukua hadithi 40 za African Storybook wakaziweka kwa lugha za familia zinazohamia Canada, Kiswahili kikiwemo. Unafungua hadithi ileile kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza au Kifaransa, ukurasa kwa ukurasa. Mtoto anayeelewa Kiswahili lakini anakiogopa hushika haraka kwa njia hii.

Sasa onyo. Soma hadithi yote wewe mwenyewe kabla hujampa mtoto. Tafsiri nyingi zimefanywa na watu wa kujitolea. Baadhi ni tamu, baadhi utagundua mtafsiri alikuwa anahamisha neno moja moja. Ukisoma sentensi kwa sauti na ulimi ukakwama, mtoto atakwama pia, na atadhani kosa ni lake. Utakutana pia na tofauti za kawaida kabisa: hadithi ya Kenya itasema tarakilishi pale ambapo wewe Mtanzania unasema kompyuta. Hilo si kosa. Mfundishe yote mawili.

Utajuaje ngazi inayomfaa? Mpe ukurasa mmoja asome. Kiswahili kina rehema, silabi zake karibu zote huishia na irabu, na mtoto aliyeshika *ba be bi bo bu* husoma mambo mengi upesi. Anapokwama ni mahali palepale kwa karibu kila mtoto: *ng'* na *ng*, yaani ng'ombe na ngoma, *mbw* ya mbwa, *nyw* ya kunywa, *dh* na *gh*. Akikwama kwenye hizo tu, ngazi inamfaa, endelea nayo huku ukimfanyisha mazoezi. Akikwama hata kwenye *mama alipika*, shuka ngazi moja, na usimwambie kuwa umeshuka.

Hatua ya 3: Chapa, kunja, shona

Mtoto na simu wana uhusiano wao, na kitabu hakimo. Utamfungulia hadithi, dakika tatu baadaye yuko kwenye katuni. Ndiyo maana nachapa.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Hadithi ya kurasa 16 inahitaji karatasi nne, zimechapwa pande zote mbili. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne; ikiwa hadithi ina kurasa 14, acha mbili tupu mwishoni, mtoto atachora humo. Mwambie kijana wa steshenari achague kuchapa kwa mtindo wa kijitabu, ili ukurasa wa 16 na wa 1 ziwe karatasi moja upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili, na kuendelea. Kama hajui, chapeni nakala moja ya nyeusi na nyeupe kwanza, mkunje, muone mpangilio, ndipo mchape nzuri. Mimi niliwahi kulipia vijitabu sita ambavyo ukurasa wa tatu ulikuwa juu chini.

Ukishakunja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mawili pembeni. Ingiza uzi tundu la katikati kutokea ndani, toka nje, rudi kwa tundu la juu, shuka hadi la chini, rudi la katikati, funga. Pini za steshenari hupata kutu na kuchana karatasi, uzi hudumu. Jalada tengeneza kwa karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, upande safi uwe nje, na mtoto aandike jina lake hapo.

Vitano vinatosha kwa mwezi. Kweli, vitano.

Hatua ya 4: Fungua hazina ya kale

Hapa ndipo penye utamu, na wazazi wengi hawapajui.

Mwaka 1864 Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja. Akawasikiliza watu wa mji wakisimulia, akaandika, na mwaka 1870 kikatoka London kitabu chake *Swahili Tales*, hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar: Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza unaoukabili. Steere alifariki mwaka 1882, kwa hiyo popote ulipo kitabu hiki ni cha umma. Hadithi zenyewe ni zetu tangu hapo.

Kukipata ni hivi. Nenda Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, andika *Steere Swahili Tales* kwenye kisanduku cha kutafutia. Zitatokea nakala kadhaa kutoka maktaba mbalimbali. Chagua ambayo kurasa zake ni safi na hazikukatwa pembeni, kisha pakua PDF. Faili ni zito, basi tumia bando la usiku au mtandao wa ofisini. Usichukue toleo la maandishi matupu: mashine iliyosoma picha hizo haikujua Kiswahili, na inakupa maneno ambayo hayakuwahi kutamkwa na mtu yeyote. Na kumbuka kwamba tovuti hiyo ina pia vitabu vinavyolindwa. Ukikuta kitufe cha kuazima tu, bila cha kupakua, ujue hicho si cha umma.

Ukifungua utakutana na watu unaowafahamu. Kima na papa wamo: papa anambeba kima mgongoni kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mngesema mapema, maana moyo wake ameuacha nyumbani mtini. Ndani yake kuna hadithi nyingine, ya punda wa dobi anayerudi kwa simba mara ya pili, na sungura anayedai kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi. Soma mpaka hapo kisha nyamaza. Mtoto wa miaka minane atacheka mwenyewe. Wa miaka mitano itabidi umweleze.

Kwa wadogo nachagua hadithi ya mwalimu Goso. Anafundisha watoto chini ya mti, paa anapanda kuiba matunda, tunda linamdondokea mwalimu kichwani anakufa. Wanafunzi wanakwenda kumtafuta muuaji: wanaukamata upepo wa kusi, upepo unasema ningekuwa na nguvu ningezuiwa na kiambaza, yaani ukuta wa udongo? Wanakwenda kwa kiambaza, nacho kinamtaja panya, panya anamtaja paka, na mnyororo unaendelea hadi unamrudia paa. Hadithi ya mnyororo ni mwalimu wa kusoma asiye na mfano, kwa sababu sentensi ileile inarudi kila ukurasa na jina moja tu linabadilika. Ikifika mara ya nne mtoto anaisoma kabla yako.

Kiswahili chake ni cha miaka 150 iliyopita, na tahajia ni ya Steere: *hata* utaikuta imeandikwa *hatta*. Usimpe mtoto ukurasa huo asome peke yake. Fanya hivi: soma hadithi wewe usiku, ielewe, kesho yake isimulie kwa mdomo wako bila kitabu, "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!" zikiwepo. Siku ya tatu muiandike pamoja kwa Kiswahili cha leo, sentensi fupi, aya kumi hivi. Sheria inakuruhusu kabisa. Hilo andiko ndilo kitabu cha mtoto, na utakuta analisoma vizuri kuliko chochote ulichopakua, kwa kuwa maneno anayajua yote kabla hajayaona.

Maneno magumu yasikutishe, ni somo lenyewe. Katika hadithi ya Sultani Darai kuna maskini anayepekua jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Thumuni ni sehemu ya nane ya reale, sarafu ya wakati huo. Chukua chapati, ikate nusu, robo, thumuni, na hesabu ya sehemu umeshaifundisha. Kisha mpigieni bibi mumuulize kwa nini senti hamsini nayo aliiita thumuni.

Lakini soma kwanza, narudia. Mna watumwa humo, mna viboko, mna mama wa kambo wa kutisha, na yule paa mwaminifu anakufa bila shukrani ya tajiri wake. Mwanangu alilia, na usiku ule sikupata usingizi kwa maswali. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa hiyo naiacha. Maelezo ya mmisionari mwenyewe nayo yana mtazamo wa zama zake. Ni ya kwako wewe mzazi, siyo ya mtoto.

Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kuna *Zanzibar Tales* cha George W. Bateman, kilichochapishwa Chicago mwaka 1901 na kipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg pamoja na michoro. Hadithi nyingi ni zilezile, kwa Kiingereza chepesi. Burudani yake ni majina: Bateman ameyaandika kwa masikio ya Wamarekani, kima anakuwa *Keema*, sungura anakuwa *Soongoora*. Mpe mtoto penseli ayasahihishe. Hakuna zoezi la tahajia ninalolijua linalompa mtoto raha kama kumkosoa Mzungu.

Gutenberg yenyewe, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, ila vya Kiswahili ni vichache mno. Nayo hukagua hakimiliki kwa sheria ya Marekani tu, kwa hiyo ukitaka kuchapa kitabu cha huko na kukigawa mtaani, rudi kwenye swali la hatua ya kwanza.

Cha mwisho katika hazina hii ni mkusanyo wa methali za Mombasa wa W. E. Taylor, *African Aphorisms*, wa mwaka 1891, nao upo Internet Archive. Methali moja kwa wiki, iandikwe kwa chaki mlangoni. Zinazohitaji maelezo ya watu wazima ziruke.

Hatua ya 5: Weka akiba ya siku zisizo na bando

Pakua programu ya Kiwix. Ndani yake kuna orodha ya faili. Chagua Wikipedia ya Kiswahili, ishushe mara moja, na kuanzia hapo inasomeka bila intaneti. Toleo lisilo na picha ni dogo zaidi, ila kwa mtoto tafuta nafasi ya lile lenye picha. Faili hilohilo unaweza kumrushia jirani kutoka simu hadi simu bila kula bando la yeyote. Makala za Kiswahili nyingine ni sentensi mbili tu, na hilo lisikukere: sentensi mbili kuhusu twiga ndiyo saizi ya mtoto wa darasa la pili.

Picha za sayari chukua NASA. Kwa kawaida hazina hakimiliki, ila nembo yao usiitumie. Chapa Zohali na pete zake, bandika ukutani, mtoto aandike jina chini. Video siku ya mvua? Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lina katuni za *Akili and Me* kwa wale ambao hawajaanza shule. Ni bure kutazama, ni mali yao.

Hatua ya 6: Ratiba ambayo itadumu

Nilianza na ratiba ya rangi, siku saba, masomo manne. Ilidumu siku tisa. Iliyobaki ni hii: jioni nne kwa wiki, baada ya kuoga, kabla ya chakula. Dakika tano narudia mimi kitabu cha jana, kidole changu kikifuata maneno. Dakika kumi anasoma yeye. Akikosea neno nasubiri amalize sentensi, halafu tunalirudia. Dakika tano za mwisho anaandika sentensi moja kuhusu alichosoma, moja tu, hata kama ni "Papa ni mjinga." Ijumaa ni ya hadithi ya mdomo, taa zimezimwa, na hakuna kuandika chochote.

Kitabu kimoja kisomwe wiki nzima. Ukiona mtoto anakariri badala ya kusoma, funika ukurasa kwa karatasi yenye tundu dogo linaloonyesha neno moja, ulihamishe hapa na pale. Utajua mara moja.

Hatua ya 7: Rudisha kitu

Tovuti ya African Storybook ina sehemu ya kuandika hadithi yako na ya kutafsiri za wengine, ukitumia picha zao. Baada ya miezi michache mtakuwa na ile ya Goso mliyoiandika wenyewe, au ile ya fisi ambayo mama mkwe huisimulia kila akija. Muombe ruhusa kwanza. Hadithi ya kale haina mwenyewe, lakini namna anavyoisimulia yeye ni yake. Gawanyeni hadithi kwenye kurasa, sentensi moja au mbili kila ukurasa, mchague picha, someni kwa sauti mara mbili, kisha mpandishe. Mkishaweka hapo, mmeitoa kwa leseni wazi na mtu yeyote anaweza kuichapa au kuibadilisha, kwa hiyo mtoto aelezwe hilo mapema. Na pale panapoulizwa jina la mwandishi, wekeni la mzazi. Jina kamili la mtoto, shule yake na picha yake visiingie.